Zipandwe Mbili

Nyumbani, 9 Februari

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, maana najua umeniamkia hata kabla hujamaliza kuichana bahasha. Huku hatujambo. Baba yako kikohozi kimemwacha, amebaki na ubishi tu. Mama yako anakusalimu na anasema kama sweta ulilipokea useme, na kama hukulipokea useme pia, asiendelee kuwaza. Ng'ombe wote wanne wapo, ila mbavu unaweza kuzihesabu ukiwa barabarani. Malkia ana mimba, na sijui huyo ndama anamjenga kwa kitu gani.

Sasa nisikilize. Unalikumbuka shamba la chini, lile la udongo mweusi. Mvua ikinyesha maji yanasimama humo wiki nzima, jua likiwaka ardhi inapasuka nyufa za kupoteza kiatu. Kila mwaka tunasubiri maji yapungue ndipo tupande, na kwa hiyo kila mwaka tunapanda tumechelewa. Mwaka jana tulipata gunia nne za ngano, na mabua yake ng'ombe waliyamaliza kabla hata hatujapeta.

Seremala wa njia panda amekuja kwa baba yako. Anataka shamba lote apande mikaratusi ya mbao. Anasema miti hiyo itakunywa yale maji yote na kuomba mengine. Baba yako akaniambia tukiwa tunakunywa chai, macho yake kwenye kikombe: "Dada, nakupa msimu huu mmoja. Likitoa nafaka ya maana na chakula cha ng'ombe, sawa. Lisipotoa, Seremala alichukue, na ng'ombe tuwapeleke kwa mjomba wa binti yangu." Mimi nikasema sawa kaka. Ningesema nini? Tangu ndoa yangu ivunjike niko hapa kwake mwaka wa tisa, nalala chumba cha nyuma, na kazi yangu ni lile shamba na hao ng'ombe. Vikienda vyote viwili, mimi hapa nitakuwa nani? Tuyaache hayo.

Ila wewe ni mtaalamu wa udongo, tena kwenye kituo kikubwa cha utafiti. Baba yako kila mgeni akiingia anaambiwa habari zako kabla hajapewa kiti. Basi utaalamu wenyewe ndio huu sasa, uniletee. Na useme, bado una wale vijana wa kukuchimbia na kukupimia?

Shangazi yako


Kituoni, 26 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na tena shikamoo. Sweta nililipokea, mwambie mama nimelivaa hata sasa, linanibana kwapani lakini nalipenda hivyo hivyo. Mimi mzima. Kuhusu vijana wa kunichimbia, hiyo ni habari ndefu, tuiweke kando.

Shangazi, nilipoisoma barua yako nilisimama wima! Mkuu wetu hapa, tunamwita Bwana Udongo kwa sababu hajawahi kuingia ofisini na suruali safi, ameshughulika miaka mingi na udongo wa aina hiyo hiyo, mweusi, wa milimani, unaoshika maji. Anasema ule udongo si mbaya hata kidogo. Una chakula tele, shida yake ni kwamba mizizi inazama kabla ya kula. Ukiyatoa maji, umelipata shamba jipya bila kuhama.

Fanya hivi. Usilime tambarare. Inua matuta mapana, upana wa sentimita themanini kwa juu, na kati ya tuta na tuta mfereji wa sentimita arobaini. Mifereji yote ielekee kwenye kijito. Halafu, shangazi, usisubiri maji yapungue! Panda ngano mvua za kwanza tu, juu ya matuta. Wenzako watakuona umerukwa na akili. Waache.

Na kwa ng'ombe kuna mmea wa jamii ya kunde unaotambaa, hapa tunauita kunde ng'ombe. Ng'ombe wanaupenda kupita kiasi, na ardhi inanenepa kwa sababu yake. Mbegu zake nakutumia kwa kifurushi. Maelezo yote nimeyapiga chapa kwenye karatasi iliyomo humu, yafuate neno kwa neno.

Nina furaha mpaka nashindwa kukaa. Msimu mmoja unatosha. Nakuambia unatosha!

Mwanao


Nyumbani, 20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Tumepata mvua siku mbili, na mama yako amekata nywele, amependeza ila hataki kuambiwa.

Tumeyainua matuta! Tena ishirini na mbili! Ngoja nikusimulie, maana peke yangu nimeshacheka mpaka basi. Jembe la maksai letu linachana mstari tu, haliinui kitu. Nikakaa nikawaza. Nikaenda kwa jirani nikaazima jembe lake, nikayafunga yote mawili sambamba kwa gogo moja, yakawa yanatupa udongo kuelekea katikati. Maksai wakavuta. Mvivu akalala chini. Si utani, alilala kabisa, akanitazama. Mwenzake akaendelea kuvuta, tukazunguka pale pale mpaka nikawa na tuta la duara. Baba yako alikuwa juu kwenye uzio na Seremala. Sikugeuka, lakini kicheko nilikisikia.

Siku ya pili niliongeza kamba, nikapunguza kina, wakaenda. Kusawazisha juu ya tuta, nikang'oa mlango wa ghala bovu, nikaufunga nyuma yao ukawa unaburutwa, na mama yako amekaa juu yake kuwa uzito. Ukimwona! Alikuwa anapiga kelele "taratibu, taratibu" na meno yote nje. Alishuka mweusi hadi kwenye nyusi akasema twende tuta jingine.

Ngano nimepanda tarehe 18. Baba yako akaniuliza kama nimewahi kuona mtu wa huku akipanda Machi kwenye shamba la chini. Nikamwambia bintiye ndiye aliyesema. Hapo akarudi ndani, maana atabishana na mimi, hatabishana na mtaalamu wake.

Karatasi yako nimeibandika ukutani kwa unga wa ngano uliokorogwa. Kifurushi sijakiona. Kimefika wapi?

Shangazi yako


Kituoni, 5 Aprili

Shangazi, shikamoo,

Nakuandikia haraka, posta inafungwa. Kifurushi kimerudi kwangu! Nilipokuwa nikipiga chapa anwani, vidole viliandika anwani ya kituo kwa mazoea, mahali pa kutoka na mahali pa kwenda. Kimekaa posta mwezi mzima kinanisubiri mimi mwenyewe. Nimejitukana njia nzima. Leo nimekituma tena na anwani nimeisoma mara nne kwa sauti, karani akaniuliza kama najisikia vizuri.

Mama amekaa juu ya mlango? Ningetoa chochote kuona. Nimewasomea wenzangu ofisini, mmoja amemwaga chai.

Mwanao


Nyumbani, 28 Aprili

Mwanangu, mwanangu,

Marahaba. Malkia amezaa! Jike, ana doa jeupe puani. Wote wazima.

Ila hata hiyo si habari yenyewe. Mvua kubwa ilikuja wiki iliyopita na haikukatika siku tano. Wewe unaijua. Siku ya tatu nilishindwa kukaa, nikateremka shambani na gunia kichwani. Mashamba ya jirani yote yalikuwa maji matupu, mabata wameshuka. Letu, sikia, letu maji yalikuwa yanakimbia kwenye mifereji, nayasikia kwa masikio, yanateremka kijitoni, na juu ya matuta ngano imesimama kijani! Nilipiga ukelele mama yako akadhani nimeumwa na nyoka. Baba yako naye akaja na mwavuli. Alisimama kwenye kona ya shamba. Akaingiza kidole chake kwenye tuta, akakitoa, akakitazama, akaenda zake.

Kifurushi kilifika tarehe 14. Nikasimama mbele ya karatasi yako ukutani nikasoma tena: "Mbegu za ngano na za malisho zipandwe mbili, tuta kwa tuta." Ngano wakati huo ilikuwa imenifika chini ya goti, nikajiuliza hizi mpya nitaziingiza wapi. Lakini ulisema nifuate neno kwa neno. Tukachukua vijiti, mimi na mama yako, tukatoboa vishimo kati ya mistari ya ngano, tuta moja hadi jingine, siku tatu tumeinama. Mgongo wangu sasa una maoni yake. Leo kunde zimeshatoa majani mawili mawili kivulini mwa ngano, zimetulia kabisa.

Haya, mtaalamu, nimekutii. Una la kusema?

Shangazi yako


Kituoni, 9 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mbali! Zipandwe MBALI! Si mbili!

Bwana Udongo aliandika kwa mkono wake "zipandwe mbali", yaani ngano tuta lake, kunde tuta lake. Nilikosea herufi moja katika kupiga chapa. Kunde zikiwa pamoja na ngano hupanda juu yake, huizunguka, huilaza chini, na unakosa vyote. Nimeulizia, ndivyo ilivyotokea hapa kwenye shamba la majaribio. Ngano yote ilianguka.

Zing'oe, shangazi, tafadhali. Zing'oe zote mara upatapo barua hii, kabla hazijapanda. Nisamehe. Siwezi kula. Ng'ombe tutawatafutia kitu kingine, ila ngano isipotee.

Mwanao


Nyumbani, 22 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ya tarehe 9 Mei nimeipata jana. Daraja la chini lilisombwa na gari la posta halikupita wiki sita. Kwa hiyo kama ulikuwa unanisubiri kwa hofu muda wote huo, pole sana. Na kama uliacha kula muda wote huo, nitakuja kukuchapa.

Niliisoma nimesimama. Nikachukua jembe dogo nikateremka moja kwa moja. Nilikuwa nimekata shauri, nizing'oe hata kama itanichukua mwezi. Nikaingia kati ya tuta la kwanza na la pili, nikainama, nikafunua ngano.

Nikakaa chini kwenye mfereji. Mwanangu, ngano inanifika kifuani na imeanza kugeuka rangi. Imesimama, haijalala hata bua moja. Na chini yake kunde zimetandaa ardhi yote, fupi, nzito, majani mabichi, zimefunika udongo hata nyufa hazionekani. Hazijapanda popote. Nadhani ngano ilikwisha kuzitangulia, na kivuli chake kimezibana, zimebaki chini kama wageni wasiojua watakaa wapi. Sasa nikikata ngano kwa juu, jua litazipata, zitainuka, na ng'ombe wangu watakuwa na chakula hadi katikati ya kiangazi! Nakuambia nilicheka pale mferejini peke yangu mpaka machozi.

Sikung'oa hata moja. Tena baba yako sikumwambia habari za kosa, na mama yako amefyata ulimi. Seremala ameshaleta miche mia mbili, imepangwa nyuma ya ghala. Kila asubuhi napita pembeni yake, na kila asubuhi natamani kuikanyaga. Sijaikanyaga bado.

Jambo moja linanitatiza. Unasema Bwana Udongo aliandika na wewe ukapiga chapa. Mtaalamu naye hupiga chapa?

Shangazi yako


Kituoni, 6 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Safari hii naomba usome ukiwa umekaa.

Barua yako niliisomea chooni ili nipate kulia vizuri, na nikalia kwa furaha. Kisha nikaona siwezi kukudanganya tena. Mimi si mtaalamu wa udongo. Mimi ni mpiga chapa. Nilipoajiriwa niliandika nyumbani kwamba nimepata kazi kituo cha udongo, baba akaelewa alivyoelewa, akaanza kuwaambia watu, na kila mwaka ikawa vigumu zaidi kumsahihisha. Ninachojua nimekijua kwa kupiga chapa ripoti za wenzangu miaka sita. Nazisoma zote, hata zile wasizosoma wenyewe.

Na kuna kubwa zaidi. Ile karatasi sikuipiga kwa ajili yako tu. Nilitoa nakala sitini zikapelekwa kwa wakulima wengine, zote na lile "mbili" lake. Tangu Mei nimekuwa nikijua, na nimekaa kimya, kila mlango ukifunguliwa nadhani unga umeshamwagika. Ulipoandika kwamba hukung'oa, nikaona kama wewe uliweza kukaa mferejini ukasimama na uamuzi wako, nami niweze. Nikapiga moyo konde, nikaingia kwa Bwana Udongo, nikaweka mezani karatasi na barua zako.

Alisoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Nilikuwa nimeshapanga kichwani nitaondokaje na maboksi yangu. Akauliza jambo moja tu: "Kunde alizipanda lini, siku ngapi baada ya ngano?" Nikamwambia ishirini na saba, kwa sababu kifurushi kilirudi. Shangazi, yule mzee aliruka! Kiti kilianguka! Akasema hapa walizipanda siku moja, ndiyo sababu kunde zilishinda ngano. Hakuna aliyefikiria kuzichelewesha. Akatoka akiita wenzake kwa sauti, na suruali yake ile.

Anakuja kwenu mwenyewe, wakati wa kuvuna, anataka kupima kila kitu. Mimi sitakuja naye. Amenipa adhabu, niandike barua sitini kwa mkono, moja kwa kila mkulima, kueleza kosa na kuuliza walipanda lini. Naandika huku natabasamu, wenzangu wananiona mwehu.

Atamwambia baba mimi ni nani. Nimemruhusu. Ninaogopa hilo kuliko nilivyoogopa kufukuzwa. Lakini afike, aseme mbele ya baba alichoniambia mimi kuhusu shamba lako. Baba atamsikia mgeni.

Mwanao, mpiga chapa


Nyumbani, 24 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, marahaba! Nitakuandikia kwa mpangilio nikiweza. Siwezi.

Gunia kumi na moja! Kutoka shamba lile lile! Na mabua tumelundika hadi kwenye dirisha langu. Tulikata ngano juu juu kama nilivyokusudia, na siku kumi baadaye ukitazama kutoka barabarani hujui kama tumevuna, ni kijani tupu. Malkia anatoa maziwa hata ndama ameshiba na mama yako hana vyombo vya kutosha. Mvivu amenenepa, na uvivu umezidi.

Bwana Udongo alikuja Alhamisi na vijana wawili na kamba za kupimia. Watu walijaa, Seremala naye alikuwepo na futi yake mfukoni, maana ndiyo ilikuwa siku aliyoahidiwa jibu. Mgeni hakutaka hata chai. Aliingia mferejini na viatu, akapiga magoti, akachimba, akanusa udongo, akang'oa mzizi wa kunde akamwonyesha baba yako vile vinundu vyake vinavyonenepesha ardhi. Akamweleza kila kitu, herufi uliyokosea, kifurushi kilichorudi, siku ishirini na saba. Akamwambia: "Mzee, binti yako ni mpiga chapa wetu, na amesoma kazi zetu kuliko sisi."

Mimi nikatazama pembeni. Baba yako akauchukua ule mzizi, akaugeuza mkononi. Kisha akauliza: "Anapiga kwa vidole vyote kumi?" Mgeni akasema vyote kumi, bila kutazama. "Bila kutazama!" akasema baba yako, akamgeukia Seremala: "Umesikia? Bila kutazama." Tangu siku hiyo kila mgeni anaambiwa hivyo, kwa hiyo usiwe na wasiwasi, fahari yake imebadilisha nguo tu. Ila anasema mwenyewe atakuandikia, na nadhani humo kutakuwa na kukaripiwa kidogo. Kubali.

Sasa hili ndilo nililotaka kukuambia tangu mstari wa kwanza. Mgeni alipomaliza kupima alifungua daftari lake. Alisema wanataka kulima hapa kwa namna hii msimu ujao tena na misimu inayofuata, na lazima aandike shamba ni la nani. Kalamu ikawa tayari. Nami nikafungua mdomo kusema la kaka yangu, kama nilivyosema miaka yote.

Baba yako akanitangulia. Alisema kwa sauti, mbele ya Seremala na majirani wote: "La dada yangu. Mwandike yeye."

Seremala akasema, "Na ile miche yangu?" Mama yako alinishika kiwiko akakibana, bado kina alama.

Mgeni akanigeukia akaniuliza jina langu kamili. Ilibidi nilitaje mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sauti haikutoka.

Shangazi yako